Kabla ya Bei, Uliza Marehemu ni Nani

Nilinunua robo ya kiwanja kwa bei ya kiwanja kizima. Hesabu hiyo nilikuja kuijua mbele ya Kadhi, nyumba yangu ikiwa imeshafika lenta, lile zege la juu ya milango na madirisha. Haya nawaandikia ndugu zangu mlioko Uingereza, Oman, Kanada na kwengineko, mnaodunduliza pesa za kujenga nyumba ya kupangisha Unguja au Pemba. Nilipoteleza mimi bado pana utelezi.

Kiwanja kiko Fuoni, Unguja. Muuzaji alikuwa kijana wa heshima, kanzu safi, maneno machache. Aliyenitafutia ni ami yangu, na ami alinambia maneno ambayo sote tumeshayasikia: "Huyu namjua, tunasali naye msikiti mmoja." Nikatumiwa picha kwenye WhatsApp, kiwanja kimesafishwa, mipaka imepandwa miche. Ikaandikwa karatasi ya mauziano, wakasaini mashahidi wanne, sheha akagonga muhuri. Mimi niko Leicester, nafanya zamu za usiku ghalani. Nikatuma shilingi milioni 16 kwa mara mbili na nikalala usingizi wa raha.

Wakati wa kuchimba msingi hakuna aliyesema neno. Kuta zikapanda, kimya. Wiki ile ile fundi alipomwaga zege la lenta, akaja mama mmoja wa makamo na binti zake watatu, wamevuka na boti kutoka Pemba. Yule mama ni mjane wa mwenye kiwanja. Mwenye kiwanja alikufa miaka mingi nyuma na mirathi haijagawiwa hata siku moja. Kijana aliyeniuzia ni mmoja wa watoto wa kiume wawili.

Sasa piga hesabu ya mirathi ya Kiislamu, maana hapa ndipo nilipoliwa. Wazazi wa marehemu walitangulia kabla yake. Mke, kwa kuwa kuna watoto, anapata thumni, yaani sehemu moja ya nane. Kinachobaki, yaani thumni saba, kinagawiwa kwa watoto, mwanamme mafungu mawili ya mwanamke. Wanaume wawili na wanawake watatu ni mafungu saba. Kwa hiyo kila binti ana thumni yake, kila mtoto wa kiume ana thumni mbili. Thumni mbili ni robo. Yule kijana alikuwa na haki ya kuuza robo. Robo tatu aliyoniuzia ni mali ya mama yake, dada zake na kaka yake. Na kaka yake naye alikuwa Muscat, hana habari, mwanadiaspora mwenzangu!

Nilikwenda kwa sheha, nikamwambia, "Si ulisaini wewe?" Akanijibu kwa upole kwamba yeye alisaini kuwa watu hawa wamefika mbele yake na wamekubaliana. Hakusaini kwamba mali ni ya nani. Nilikasirika, lakini alisema kweli. Sheha ni mwakilishi wa Serikali kwenye shehia. Anawajua watu wake, na muhuri wake unahitajika kwenye mambo mengi, lakini muhuri huo hauwezi kumpa mtu mali ambayo hakuwa nayo. Daftari la ardhi liko kwa Mrajis, yaani msajili wa ardhi, Kamisheni ya Ardhi. Mirathi iko Mahakama ya Kadhi, au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Karatasi ya sheha peke yake ni ushahidi kwamba mlionana.

Basi nasema, na nitasema tena: kabla hujauliza bei, uliza marehemu ni nani. Kwetu ardhi karibu yote ina marehemu. Ukiambiwa "ni ya baba", uliza baba yu hai? Kama kafa, kaacha nani? Mke mmoja au wawili? Mabinti walioolewa mbali wako wapi? Kuna mtoto mdogo, na nani msimamizi wake? Halafu omba uoneshwe hati ya mirathi iliyotaja warithi wote kwa majina, na kila mmoja asaini mauzo, wanawake kwanza. Naam, wanawake kwanza, kwa sababu ndio wanaosahauliwa kwa makusudi. Kaka anasema "dada zangu hawana neno." Dada hana neno kwa sababu hajaulizwa. Na kama muuzaji anasema yeye ndiye msimamizi wa mirathi, akuoneshe karatasi ya mahakama, si ya msikitini.

Yaliyofuata kwangu yalichukua mwaka na nusu. Ningeweza kumshitaki kijana, lakini pesa alishazila na robo yake ilikuwa halali. Tulikaa mbele ya Kadhi tukaandikiana mwafaka, nikawalipa wale warithi watano milioni 15 juu ya 16 zangu za mwanzo. Mama mjane alinionea huruma akapunguza. Mwenzangu wa Muscat hakupunguza hata senti, na simlaumu.

Ami yangu, najua utasomewa haya na wajukuu zako. Nakupenda na nakuheshimu, na kosa ni langu kukupa mzigo usiokuwa wako. Lakini kusali na mtu msikiti mmoja kunakujulisha wudhu wake tu, hakukujulishi mirathi ya baba yake. Na nyinyi wengine mlioko nyumbani, mtu akikutumieni pesa ya kiwanja msione haya kumuuliza muuzaji maswali magumu. Mnasema "nitamvunjia heshima." Heshima hiyo niliilipia mimi kwa zamu za usiku. Ndiyo maana sasa nasema, jamaa akutafutie kiwanja, lakini wa kukikagua awe wakili unayemlipa, asiye na undugu na upande wowote. Ukimpa jamaa hati ya uwakala, iseme wazi anaweza kununua na kusaini kwa niaba yako, na iseme wazi hana ruhusa ya kuuza wala kuweka rehani. Isaini mbele ya mthibitishaji (notary), na kabla hujaituma uliza ubalozini hatua nyingine za kuithibitisha.

Waingereza hapa, nitasema ukweli, ni watu wa baridi. Jirani yangu wa ukuta mmoja nimeishi naye miaka tisa na sijui jina la mama yake. Lakini kwa pauni 7 tu naweza kufungua tovuti ya daftari la ardhi la England nikaona nani anamiliki nyumba ninayoitaka na kama benki inamdai. Hawaaminiani, kwa hiyo wameandika. Sisi tunaaminiana sana mpaka tunaona aibu kuandika, kisha tunashitakiana miaka ishirini. Ila usidhani wao wamemaliza kila kitu. Huku mtu anaweza kuusia nyumba yake kwa taasisi ya kutunza paka, na watoto wakabaki kutazamana. Kwetu wasia hauzidi thuluthi na mrithi hausiwi. Mimi bado naona sheria yetu ina huruma zaidi, kinachotushinda ni kuitekeleza mapema.

Mitego mengine nitaitaja kwa haraka. Ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, iko mikononi mwa Rais, na Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992 imelisimamisha hilo. Unachonunua ni haki ya matumizi. Ndiyo maana utasikia mtu "anauza msingi" au "anauza minazi": maneno hayo yametoka kwenye ile hali ya kwamba udongo wenyewe si wake. Usimdharau, lakini muulize msingi huo umesimama juu ya hati gani. Eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi zilitolewa kwa kilimo, hazikutolewa ili mjukuu azikate viwanja kumi na mbili. Ukioneshwa kiwanja ambacho chanzo chake ni eka tatu, anza upya na lile swali, marehemu ni nani, maana aliyepewa eka hizo aghalabu kashakufa. Mji Mkongwe, jihadhari na wakfu. Nyumba ya wakfu haiuzwi, hata kama anayekaa ndani ana funguo zote na hadithi nzuri. Na hata isiyokuwa wakfu, Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe itakuuliza mpaka kwa dirisha.

Uhamisho wenyewe wa haki unapitia Bodi ya Uhaulishaji Ardhi kisha kwa Mrajis. Wakili ataupeleka, ni kazi ya foleni.

Kuna na hili linalowakuta wenye paspoti nyekundu na buluu. Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima. Ukishachukua uraia wa Uingereza, kwenye ardhi huna tena haki ya raia, na njia inayojulikana ni kukodishwa na Serikali kwa uwekezaji kupitia ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, au kununua fleti chini ya sheria ya fleti ya mwaka 2010. Watu wengi hawataki njia hiyo, wanaandika nyumba kwa jina la kaka. Subhanallah! Kaka akifa, nyumba ni ya mkewe na watoto wake, thumni kwa thumni. Utakwenda kumwambia mjane kwamba pesa ilikuwa yako, na yeye atakuuliza iko wapi karatasi. Safari hii utakayemuuliza umemzika wewe mwenyewe.

Sasa faida. Nyumba yangu ina milango miwili, kila mlango vyumba viwili, choo na jiko. Ujenzi ulikula milioni 54. Ukijumlisha kiwanja na ile fidia ni milioni 85. Kila mlango napata kodi ya 250,000 kwa mwezi, kwa hiyo kwenye karatasi ni milioni 6 kwa mwaka. Lakini kwenye karatasi hakuna miezi mitupu. Nakisia kila mlango utakaa miezi miwili bila mtu, inatoka milioni moja. Marekebisho 600,000. Msimamizi 500,000. Inabaki milioni 3.9, sawa na asilimia 4.6 kwa mwaka kabla Serikali haijachukua chake. Lau nisingelipa ile milioni 15, pesa hiyo hiyo ingekuwa asilimia 5.6. Kwa maneno mengine, kutouliza swali moja kumekula karibu miaka minne ya faida ya nyumba yangu. Anayekuambia nyumba ya kupangisha inarudisha pesa kwa miaka mitano, mwambie akuoneshe daftari lake.

Kinachobakisha utajiri hapa ni muda. Nyumba iendelee kusimama miaka thelathini, na kodi ipande taratibu. Kwa hiyo usifanye ubahili kwenye zege. Mchanga wa pwani una chumvi, chumvi inakula nondo, na nondo ikivimba dari inapasuka. Nimeona nyumba ya miaka minane huko Mtoni inadondosha vipande juu ya kitanda cha mpangaji. Mchanga Unguja ni adimu na unakwenda kwa kibali, basi fundi anayekuletea mchanga wa haraka na wa rahisi, muulize kaupata wapi.

Kila mlango uwe na mita yake ya umeme, wapangaji wanunue umeme wao, utaepuka kesi za nani kaacha feni. Kodi pokea ya miezi sita, iingie benki kwa jina lako, isipitie mfukoni kwa mtu. Mkataba uandikwe. Kodi ya mapato ni ya TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, nyingine ziulize ZRA, ile ya Zanzibar. Ukiwa mkaazi wa Uingereza tangaza kipato hicho kwa HMRC, watoza kodi wa huku, hata kama hakijatoka Zanzibar. Wanaotaka kupangisha watalii Paje na Jambiani, hiyo ni biashara ya hoteli, ina usajili wa Kamisheni ya Utalii na ina Aprili na Mei ambazo mvua inakula pamoja nawe. Mimi siiwezi nikiwa Leicester.

Faili langu lina hati, mwafaka wa Kadhi, na karatasi moja niliyoiandika kwa mkono: majina ya mke wangu, watoto wangu wanne na mama yangu, na namba zao za simu. Siku moja marehemu nitakuwa mimi.

Nilipokwenda likizo mwaka jana jirani wa Fuoni alinifuata. Anauza kipande cha pembeni, bei nzuri, kwa sababu ni mimi. Nikamuuliza, marehemu ni nani? Akacheka. "Hakuna marehemu, kiwanja cha baba na baba mzima, yuko barazani anacheza bao." Nikaenda kumuamkia mzee, nikakaa mpaka akamaliza mchezo, kisha nikamuuliza kuhusu kiwanja anachouza.

"Kiwanja kipi?" akasema.