SOMO: Kupata na kufaidi diwani za hadithi fupi za Kiswahili za miaka hii

Wakuu, salaam. Kila baada ya siku chache napata ujumbe uleule: "Nataka kusoma hadithi fupi za Kiswahili, nianzie wapi?" Namjibu mmoja, kesho anakuja mwingine. Leo naandika kwa wote. Atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa.

Nazungumzia diwani: kitabu kimoja chenye hadithi nyingi, ziwe za mwandishi mmoja au za waandishi kadhaa waliokusanywa na wahariri. Zile za mitandaoni za "itaendelea kesho" zina raha yake, lakini hazimo humu.

Hatua ya 1: Jua unachotafuta. Mwambie muuzaji unataka kitabu kinachoishia na "na Hadithi Nyingine". Diwani nyingi zina mkia huo: *Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine*, *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, *Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine*. Hizo tatu zimepokezana kuwa vitabu teule nchini Kenya, ambako hadithi fupi hutahiniwa katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Ndiyo sababu nyingi huchapwa Nairobi. Sisi wa Tanzania shuleni tumelelewa na riwaya, tamthiliya na ushairi, na wachapishaji wetu wakaelekea huko. Waandishi tunao. Fungua *Tumbo Lisiloshiba* utamkuta Said A. Mohamed, utamkuta Mohammed Khelef Ghassany, Wazanzibari ndani ya kitabu cha Nairobi.

Hatua ya 2: Nunua. Kenya, nenda duka lolote la vitabu vya shule. Kitabu kikishatoka kwenye orodha ya mtihani, kitafute kwa wauza vitabu vya mitumba, bei huwa imeshuka. Tanzania, mwombe mwenye duka akuagizie, au mtume mtu anayevuka Namanga au Horohoro.

Hatua ya 3: Hakikisha ulichoshika ni diwani yenyewe, si mwongozo. Hapa naomba msome polepole, maana wengi mnaoniambia "nilisoma, sikuona utamu" hamkusoma hadithi hata moja. Mlisoma mwongozo. Kila kitabu teule kina miongozo yake, na majalada yake yana jina lilelile la diwani kwa herufi kubwa, na neno "Mwongozo" limebanwa juu kwa herufi ndogo. Ndani kuna muhtasari, maudhui, sifa za wahusika na maswali ya marudio. Ukishasoma muhtasari wa hadithi ya kurasa kumi, hadithi yenyewe haina tena cha kukuficha. Kwa hiyo fungua ukurasa wa yaliyomo: diwani halisi inaonyesha jina la kila hadithi pamoja na mwandishi wake. Kisha tazama wahariri. *Damu Nyeusi* ni Ken Walibora na Said A. Mohamed. *Tumbo Lisiloshiba* ni Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. *Mapambazuko ya Machweo* ni D. W. Lutomia na Phibbian Muthama. Ukinunua kwa simu, mwombe muuzaji apige picha ya yaliyomo kabla hujatuma hela.

ANGALIZO: Nakala bandia zipo. Wino umefifia, kurasa zimeruka, au hadithi ya mwisho imekatika katikati ya sentensi. Pekua mpaka jalada la nyuma kabla ya kulipa.

ANGALIZO LA PILI: Nakala iliyotumika huwa imeandikwa pembeni na mwanafunzi: "ufisadi", "kinaya", "huyu atakufa". Chukua raba ufute bila kusoma. Kama ameandika kwa kalamu ya wino, tafuta nakala nyingine.

Hatua ya 4: Soma hadithi moja, funga kitabu. Riwaya inakuvuta usiku kucha na ni sawa. Hadithi fupi ukizisoma tatu mfululizo, ya pili inaizika ya kwanza. Chukua "Nizikeni Papa Hapa" ya Ken Walibora. Otii, aliyekuwa mchezaji mpira, yu mgonjwa mjini na anaomba azikwe papo hapo, watu wa kwao wanataka mwili urudi nyumbani. Ukimaliza, ubishi unabaki kifuani. Unajiuliza ungefanya nini kama ni ndugu yako, na maiti ya kwenu ilisafirishwa kwa michango ya nani. Huo ubishi ndio ulioununua, na ukifungua hadithi nyingine hapohapo umeutupa. Mimi husoma moja jioni na nyingine kesho yake.

Hatua ya 5: Si lazima uanze na ya kwanza. Anza na ile ambayo aya yake ya mwanzo imekushika.

Hatua ya 6: Ukimaliza, rudi usome aya ya kwanza. Mwandishi mzuri huwa ameshaweka mwisho mle na wewe ukapita. Inachukua dakika moja.

Hatua ya 7: Mfuate mwandishi. Diwani ya waandishi wengi ni ya kuonja. Umempenda Said A. Mohamed, mtafute peke yake katika *Sadiki Ukipenda* na *Arusi ya Buldoza*. Umempenda Ghassany, ujue huyohuyo ndiye mshairi wa *N'na Kwetu*, aliyeshinda tuzo ya ushairi ya Mabati-Cornell mwaka 2015. Walibora ana riwaya, anza na *Siku Njema*.

Maswali karibuni.

---

kijana_wa_leo: Mkuu naomba PDF ya Tumbo Lisiloshiba

Mwandishi: Sina, na ningekuwa nayo nisingetuma. Hatua ya 2.

kijana_wa_leo: Kwani ukituma unapungukiwa nini? Vitabu ghali

Mwandishi: Anapungukiwa aliyeandika. Kama tatizo ni hela, hilo tunaweza kulizungumza: changieni watu watatu nakala moja iliyotumika mzungushane, au ulizia maktaba ya mkoa wako. Na ukitaka cha bure kilicho halali, tembelea tovuti ya Jalada Africa. Mwaka 2016 walitoa hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyoiandika kwa Kigĩkũyũ, pamoja na tafsiri zake za lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Soma hiyo leo.

mjukuu_wa_pemba: Assalaam alaykum. Niko Muscat. Bibi yangu ni wa Pemba, Kiswahili nakisema nyumbani lakini kusoma kunanipa tabu. Hadithi gani haitanitoa jasho?

Mwandishi: Waalaykum salaam dada yangu, karibu sana. Anza na "Mke Wangu" ya Muhammed Said Abdulla, imo kwenye *Damu Nyeusi*. Ni ya mwanamume anayetaka mke ambaye hajajua ya mjini, amfundishe mwenyewe, na mambo hayaendi alivyopanga. Kiswahili chake ni cha Unguja, masikio yako yatakitambua kabla ya macho. Isome kwa sauti, ikiwezekana bibi yako akiwapo. Kuna mahali atakurekebisha na mahali atacheka kabla yako. Baadaye nenda kwa "Mame Bakari" ya Ghassany, ambaye ni wa Pemba kama bibi yako. Nakutahadharisha: inahusu msichana wa shule aliyebakwa. Isome siku moyo wako umetulia. Maneno yakikushinda, *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya BAKITA ya mwaka 2015 itakutosha.

mjukuu_wa_pemba: Ahsante sana kaka. Nitampigia bibi nimsomee kwenye simu.

pita_njia: Sasa kati ya hizo tatu ipi nzuri?

Mwandishi: Tumbo Lisiloshiba.

mwl_kidato3: Mwalimu mwenzenu kutoka Kakamega. Wanafunzi wangu hufika darasani wakijua maudhui yote na hawajasoma ukurasa mmoja. Unanishauri nini?

Mwandishi: Mwalimu, heshima yako. Wasomee wewe, kwa sauti, na usimame kabla ya ukurasa wa mwisho. "Shibe Inatumaliza" ya Salma Omar Hamad inafaa sana: Sasa na Mbura wanakula sherehe ya Mzee Mambo, chakula hakiishi, na darasa litacheka. Wafungishe vitabu hapo, kila mmoja aandike anavyodhani itaishaje. Ndipo mmalizie pamoja. Mtoto aliyekwisha kubashiri mwisho ana hamu ya kujua kama alipatia, na muhtasari wa mwongozo haumpi hamu hiyo. Maudhui yaje kesho yake.

mwl_kidato3: Nitajaribu Jumatatu na "Mzimu wa Kipwerere", kwa kuwa sasa tuko na Mapambazuko.

Mwandishi: Chaguo zuri. Hiyo isome taratibu, giza lake linahitaji muda.

dada_wa_kigamboni: Kwa nini nyingi zinaisha ghafla? Huwa nahisi nimeibiwa.

Mwandishi: Swali zuri dada. Mwandishi wa hadithi fupi hana nafasi ya kukuonyesha maisha yote, anachagua saa moja ambayo baada yake mtu hawezi kurudi alivyokuwa. Saa hiyo ikipita, kazi yake imekwisha. Jaribu hivi: usiulize "kisha ikawaje?", uliza "ni wapi hasa mambo yalipogeuka?" Mara nyingi utakuta ni kurasa mbili nyuma, katika sentensi uliyoipita haraka. Kuna hadithi zinazoishia hovyo pia, usijilazimishe kuzipenda.

fundi_majalada: Nyongeza kidogo. Sisi wa pwani unyevu unakula gundi. Vika kitabu nailoni, usikiegemeze ukutani, na weka karafuu chache kabatini.

Mwandishi: Shukrani fundi. Mimi nakianika kivulini baada ya masika. Kisiwekwe juani, jalada litajikunja.

naandika_pia: Nina hadithi zangu za Kiswahili. Niko Bujumbura. Kuna pa kupeleka?

Mwandishi: Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi za Kiswahili, maneno 2,000 hadi 5,000, isiyowahi kuchapishwa, bila ada. Lakini ni kwa raia wa nchi wanachama, na Burundi si mwanachama. Wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa. Wewe fuatilia Tuzo ya Safal-Cornell ya Kiswahili, ndiyo ile iliyoitwa Mabati-Cornell, ina kipengele cha nathari, yaani maandishi yasiyo ya ushairi. Huko utahitaji kitabu kizima, kwa hiyo kusanya hadithi zako na umpe mtu msomaji azipitie kabla ya kutuma. Ukitaka, nitumie moja.