Utafiti baada ya uzamivu: anza na barua moja

Nilipotetea tasnifu yangu nilituma barua thelathini na saba za kuomba nafasi ya utafiti, zote zilezile, nikibadilisha jina la profesa tu. Zilijibiwa mbili, na zote zilikuwa za kunikatalia. Ya thelathini na nane niliiandika kwa siku nne, ndiyo iliyonipa kazi.

Mimi ni mtu wa maji. Tasnifu yangu ilihusu floridi, madini yanayoharibu meno yakizidi, kwenye visima vya Chemba na Manyoni. Maabara moja ya Ujerumani ilikuwa imechapisha makala kuhusu kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa, lakini wao walitumia maji waliyoyachanganya wenyewe maabara. Barua yangu ilianza hivi: “Nimejaribu njia yenu kwa maji ya kisima cha Manyoni. Kichujio kilichoka nusu ya muda mlioutaja, na nahisi sababu ni baikaboneti.” Nikaambatanisha grafu moja. Salamu ndefu sikuweka, wala sifa za chuo chao. Siku ya pili nikajibiwa: una sampuli ngapi?

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujafungua tovuti yoyote, tafuta makala tatu ambazo data zako zina la kuziambia. Waandishi wake ndio wenyeji wako, yaani maprofesa watakaokupokea kwenye maabara zao.

Matangazo nayo yapitie kila wiki: tovuti ya EURAXESS kwa Ulaya, jobs.ac.uk kwa Uingereza. Humo utakuta ajira za mradi, ambapo fedha zipo tayari na mtu ndiye anayetafutwa. Aina ya pili ni ufadhili unaouomba wewe pamoja na mwenyeji, na huku ndiko wengi wetu hatuendi kwa kudhani si kwetu. Mfano ni Humboldt ya Ujerumani. Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya iko wazi kwa raia wa nchi yoyote, mradi baada ya uzamivu usiwe umezidisha miaka 8 ya utafiti. Ila soma sharti la makazi: usiwe umeishi au kufanya kazi nchi unayoiombea zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Mwenzangu aliyesomea Uswidi aliandaa andiko miezi mitatu la kurudi hukohuko, kisha akakutana na sharti hilo. Iliniuma sana.

Dirisha hilo kwa kawaida hufungwa Septemba, saa kumi na moja jioni ya Brussels, ambayo Dodoma ni saa kumi na mbili. Mwandikie mwenyeji mwezi wa tatu au wa nne, si Agosti. Wadhamini, wale watakaokuandikia barua za kukupendekeza, wape wiki tatu na rasimu ya andiko mkononi, la sivyo watakuandikia barua ya jumla. Tuma siku mbili kabla. Kwetu Makulu umeme ukikatika jioni, hakuna wa kumlalamikia Brussels.

Anayekudai ada ya kushughulikia fomu, mkimbie.

Na kama umeshatetea tasnifu lakini mahafali bado, usikae kusubiri joho. Marie Skłodowska-Curie humkubali aliyetetea na kufaulu hata kama cheti hakijatoka, ila lazima athibitishe. Barua ya uthibitisho huo kaiombe kesho asubuhi, ofisi ya masomo ya uzamili ikifunguliwa tu.