Moteri ya boti ya okazi: anza na skurubu ya chini

Ndugu mnaotafuta moteri ya boti ya okazi (iliyokwisha kutumika) hapa Goma, kabla muuzaji hajavuta kamba ya kuiwasha mwombeni aisimamishe wima, ikae hivyo usiku mzima. Asubuhi legezeni skurubu ya chini kabisa kwenye mguu, karibu na pangaboi, ile ya juu ikibaki imekazwa ili mafuta ya gia yatoke matone tu. Yapokeeni kwenye kifuniko cheupe. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yakiwemo yatatangulia. Mafuta yakija kama chai ya maziwa, yameshachanganyika na maji: mara nyingi mipira inayozuia maji kwenye mhimili imekwisha, na huenda beringi zimeanza kuliwa na kutu. Ncha ya skurubu nayo itazameni. Ute mwembamba wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini mkikuta vipande vya chuma vinavyochoma kidole, rudisheni pesa mfukoni.

Mjanja aliyebadilisha mafuta jana atawaonyesha mafuta safi kabisa (mimi mafuta mapya mno kwenye moteri chakavu hunitia shaka). Hapo iwasheni ndani ya pipa la maji, itieni gia polepole kama robo saa, izimeni, ikae wima tena usiku mzima, kisha rudieni kulegeza skurubu. Hata hivyo uvujaji mdogo huenda usionekane mpaka baada ya safari ndefu, ya kisiwa cha Idjwi kwa mfano. Pistoni ni habari nyingine, hapa hamtaijua. Mkifunga skurubu wekeni washa mpya (ile pete ndogo ya kuziba), la sivyo mtaingiza maji wenyewe.