Siku ya kliniki ya presha: jiandae hivi kabla ya kutoka nyumbani

Alhamisi, hapa zahanati kwetu wilayani Chamwino, ni siku ya wagonjwa wa presha na sukari. Mimi ndiye tabibu ninayewapokea. Saa mbili asubuhi benchi limeshajaa, na kila mmoja napata naye dakika chache tu. Dakika hizo zinatosha ukija umejiandaa.

Beba daftari lako lilelile la siku zote, si jipya. Namba za miezi iliyopita ndizo zinanionyesha kama dawa inafanya kazi. Beba kadi ya bima kama unayo. Halafu chukua mfuko, utie dawa zote unazotumia, pamoja na pakiti zilizokwisha. Ukiniambia unameza "vile vidonge vyeupe vidogo", mimi nina vidonge vyeupe vidogo chungu nzima kabatini. Pakiti inanionyesha jina na kipimo, nami nahesabu vilivyobaki.

Nikisema dawa zote, nina maana na za dukani, na za mizizi pia. Iseme tu, sitakugombeza. Inayonitia wasiwasi kuliko zote ni diklofenaki. Msimu wa kulima mgongo unauma, mtu anapita duka la dawa ananunua, anameza wiki nzima. Dawa hiyo inapandisha presha na inaweza kuharibu figo. Nisipojua kwamba unaitumia, nitaona namba imepanda, nitakuongezea dawa ya presha bure. Mgongo ukiuma njoo uniambie, tutafute dawa nyingine.

Asubuhi ya kliniki meza dawa yako ya presha kama kawaida. Wengi wanaiacha makusudi ili "nione hali halisi". Hali ninayotaka kuiona ni yako ukiwa kwenye dawa. Mwenye sukari anayekuja kupimwa kabla ya kula, akae angalau saa 8 bila chakula. Maji ni ruksa. Huyo asimeze dawa ya sukari wala kuchoma insulini akiwa na njaa, isipokuwa kama ameelekezwa hivyo. Abebe dawa yake na chakula, apimwe, ndipo atumie na kula.

Ukifika, usikimbilie mashine. Kama umekuja kwa baiskeli au umetembea toka kijiji cha jirani, kaa utulie dakika 5. Nenda chooni kwanza. Kahawa na sigara viwe mbali nusu saa kabla ya kipimo. Mwezi wa saba, baridi ya Dodoma inapokaza, kina mama wanakuja na sweta mbili na kitenge juu. Vaa nguo ambayo mkono wake unavuka bega kwa urahisi, maana kupima juu ya sweta kunaharibu namba. Egemea kiti, nyayo zote mbili chini, usikunje nne. Mkono ulale mezani, usawa wa moyo. Na habari za nyumbani tuziache kidogo, kwa sababu ukiongea wakati napima, presha inapanda.

Uliza namba zako. Ni haki yako, na nakuandikia daftarini. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya juu. Kipimo kimoja hakitoshi, labda kiwe kimepanda sana.

Sasa hili nalisema kila Alhamisi: presha haiumi. Ukijisikia vizuri na namba ikawa nzuri, dawa ndiyo imefanya hivyo. Usiiache. Mnaohamia mashamba ya mbali mvua zikianza, njooni mapema tupange dawa za kuwatosha huko. Msizichomeke chini ya bati la kibanda, pale panachemka mchana. Tafuteni mahali pa kivuli na pakavu.

Jikoni, chumvi ya siku nzima kwa mtu mmoja isizidi kijiko cha chai, ikiwemo iliyomo kwenye chakula cha kununua. Na mlenda wetu, mlenda ni chakula kizuri, lakini magadi nayo yana sodiamu ileile iliyoko kwenye chumvi. Punguza magadi, na kama umeyatia, chumvi usiiongeze.

Kuna mambo ambayo hayasubiri Alhamisi. Mdomo kupinda upande, mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu, ulimi kuwa mzito ghafla, kifua kubana, pumzi kukata: mpelekeni mgonjwa hospitali moja kwa moja, usiku au mchana. Angalieni saa dalili zilipoanza, kwa sababu daktari ataiuliza. Aliyepinda mdomo asipewe maji wala kidonge, anaweza kupaliwa.

Mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana, macho yanayoona ukungu, au uso na mikono iliyovimba, aje siku yoyote na asipange foleni. Tutampima presha na mkojo hapohapo. Ikiwa amezidiwa nyumbani au ameanza degedege, pigeni 115, ni bure, muombe usafiri wa dharura. Namba hiyo ni pia kwa aliyejifungua karibuni na kwa mtoto mchanga.