Una vidio ya mfanyakazi mwenye ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazi) akibeba mizigo? Jinsi ya kuomba WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) wampime upya

Kijana kaumia mgongo karakana, ana ED, hawezi kuinua kitu, afu mtu anakurushia vidio anapakia mikungu ya ndizi pale sokoni Kilombero. Damu inachemka najua, ila usimpigie kumtukana wala usimfukuze.

Anza na ripoti ya daktari. Angalia imekataza nini hasa, kuanzia lini mpaka lini. Kama imekataza mizigo mizito na wewe una vidio kashika mfuko wa nyanya, hapo huna kitu. Mgongo nao una siku zake bana, leo mtu anainama vizuri kesho viatu anafungwa na mkewe.

Afu tunza faili. Mashine ya CCTV ikijaa inafuta za zamani yenyewe, kwahiyo toa mapema uweke kwenye flashi, faili lenyewe kama lilivyo, sio la kupitisha WhatsApp. Mimi nilishapeleka klipu ya kuforwadiwa, nikaulizwa imechukuliwa lini nikabaki natoa macho, kumbe ni ya kabla ya ajali! Andika nani karekodi, wapi, saa ngapi, flashi kaishika nani, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kifungu cha 18 inaangalia ushahidi ulitengenezwaje na ukatunzwaje. Na usimtume mtu achungulie uani kwake, faragha iko kwenye Katiba ibara ya 16, na siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Sasa barua, kwa Mkurugenzi Mkuu WCF. Weka jina la kampuni na namba ya usajili, jina la mfanyakazi, namba ya dai, tarehe ya ajali. Neno "tapeli" lisionekane kabisa, eleza ulichoona tu kisha omba apimwe upya, sababu asilimia ya ulemavu inatoka kwenye vipimo vya daktari, vidio inampa tu daktari swali la kuuliza. Na hiyo asilimia ndo pesa yenyewe, isiyozidi 30 analipwa mkupuo, ikizidi ni pensheni ya kila mwezi. Ambatisha ripoti, ED na flashi, ubaki na kopi iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Mpaka majibu yatoke ED yake bado ni ED, usimwite kazini.