Kabla mzee hajarudi nyumbani na nyonga iliyovunjika

Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, familia huuliza kwanza bei ya operesheni. Ni haki yao. Lakini akitoka hospitali, atafikaje nyumbani? Kadutu, hapa Bukavu, nyumba zimeng'ang'ania mlima, vijia ni ngazi za udongo, na mvua ikinyesha hata kijana hushuka ameshika ukuta. Basi tafuteni mapema ndugu anayekaa karibu na barabara, Nguba kwa mfano, amkaribishe miezi miwili mitatu. Afadhali aibu ya kuomba kuliko kumbeba mgongoni kila siku ya kumwona daktari.

Operesheni isicheleweshwe, saa 48 za kwanza ndizo bora. Vijiti vya fundi wa mifupa wa kienyeji havifiki kwenye shingo ya paja, kwa hiyo kuanzia kwake ni kupoteza siku hizo.

Sasa kitanda. Kwetu kumheshimu mgonjwa mzee ni kumwacha alale, aletewe kila kitu. Hapo ndipo anapomalizikia: misuli inayeyuka, damu inaganda miguuni, nimonia inaingia, mgongo unachubuka. Daktari akiruhusu, asimame kesho yake ya operesheni, hata akilalamika. Kabla ya kutoka, mwulizeni mtu wa kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mguu ukanyage kwa uzito gani. Fimbo hushikwa upande wa mguu mzima. Wengi hufanya kinyume. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, na visigino vikaguliwe.

Godoro la chini halifai, hatainuka. Choo cha kuchutama pia kitamshinda: seremala atoboe kiti imara chenye mikono, ndoo ikae chini yake. Tochi iwe karibu na mto, maana umeme haungoji mtu afike chooni.

Chakula? Bugali na sombe (majani ya muhogo) peke yake havijengi misuli. Ongezeni maharagwe, mayai, na sambaza, samaki wadogo wa ziwani wanaoliwa pamoja na mifupa yao.

Usiku anaweza kuchanganyikiwa, akaita ndugu waliokufa zamani. Msikimbilie kutaja uchawi: mara nyingi ni maumivu, homa, kiu au dawa. Mrudishieni miwani yake, akae naye mtu anayemfahamu, na daktari aambiwe siku hiyohiyo. Kama aligonga kichwa, hasa akiwa anameza dawa za kuzuia damu isigande, usingizi mzito au mkono kulegea hata wiki tatu baadaye ni safari ya kurudi hospitali mara moja.