Namna ya Kuandika Shairi la Shindano la Haki za Binadamu

Nimekaa kwenye jopo la majaji wa mashindano ya aina hii. Mashairi mengi yanayoachwa kando yana vina safi na mizani (hesabu ya silabi) timilifu. Kinachoyaangusha ni kuhutubia. Jaji akishasoma "tudumishe haki" mara ya ishirini kwa siku moja, hasikii tena. Mwongozo huu ni wa watu wazima na vijana. Palipo na tofauti nitaitaja.

Hatua ya 1: Soma masharti kabla ya kushika kalamu

Anza na umri. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 humhesabu mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, lakini kila shindano hujiwekea mipaka yake. Angalia kundi la vijana linaishia wapi, na umri unahesabiwa kwa tarehe ipi. Ukiwa bado mdogo, kibali cha mzazi au mlezi kitafute mapema, usisubiri usiku wa mwisho.

Kisha tazama kama wanataka shairi ambalo halijachapishwa. Waandaaji wengi huhesabu hata ukurasa wako wa mtandao kuwa ni kuchapisha, kwa hiyo usilibandike popote kwanza. Mwisho, soma kipengele cha hakimiliki neno kwa neno. Kuwaruhusu walichapishe kwenye diwani yao ni jambo la kawaida. Kuwakabidhi hakimiliki yote ni jambo jingine, na mimi shindano la namna hiyo hulipita.

Hatua ya 2: Chagua ibara moja tu

Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu, lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948, lina ibara 30. Nyingi ni fupi. Unalimaliza kwa kikao kimoja. Lisome ukiwa na penseli, uweke alama penye ibara inayokugusa.

Wengi hukimbilia ibara ya 5 inayokataza mateso, au ya 19 ya uhuru wa maoni. Huko kuna msongamano, na ukiingia itakubidi uwe na jipya. Ibara ya 15, ya haki ya kuwa na uraia, huachwa mpweke. Ya 24 pia, ya mapumziko na mipaka ya saa za kazi. Kijana asiache kuusoma ule Mkataba wa Haki za Mtoto: ibara ya 12 inampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, ya 16 inalinda faragha yake, ya 31 inataja hata kucheza. Hayo anayajua kuliko jaji. Kwa nini basi aandike kama mzee?

Hatua ya 3: Mtafute mtu, haki uifiche

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Tazama mishororo hii miwili niliyoitunga makusudi:

Haki zetu tuzilinde, tuzitetee daima,
Ubaguzi na uvunde, vyote tuvitupe nyuma.

Mizani imetimia, vina vimekaa. Lakini huo uvunde umefuata nini? Umeletwa na kina tu. Na anayesema ni nani, yuko wapi, anamwambia nani? Sasa linganisha na hii:

Jua huchwa sijaketi, sahani zaningojea,
Tajiri yu kwenye kiti, kitabu ajisomea.

Neno haki halimo, ila ibara ya 24 imo yote. Kuna mtu, kuna saa, kuna kazi, na kuna mwenzake aliyepumzika. Zoezi langu ni hili: andika rasimu ya kwanza, kisha ufute kila "haki", "usawa", "dhuluma" na "uhuru". Kilichobaki kikiwa hakieleweki, shairi bado halijaandikwa.

Hatua ya 4: Jiulize sauti ni ya nani

Ukisema "mimi" kwa niaba ya mtu aliyeteswa au kufukuzwa kwao, umebeba amana. Kama kisa ni cha mtu unayemfahamu, mwombe ruhusa, na hata akikubali badilisha jina na kila kinachoweza kumtambulisha. Shairi likishinda litasambaa, na wewe hutachagua nani alisome. Njia nyingine ni kusimama pale ulipo kweli: jirani aliyesikia na kunyamaza, karani aliyegonga muhuri, mwanafunzi aliyeona dawati la mwenzake likiwa tupu. Sauti hizo hazijazoeleka, nami huzipa alama nyingi kuliko kilio cha kuazima.

Hatua ya 5: Chagua umbo, kisha hesabu kwa mdomo

Tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, yenye mizani 16 kwa mshororo, nane kwa nane, hufaa hoja inayojengeka ubeti kwa ubeti. Kibwagizo, mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, kina nguvu kikibadilika maana kila kinaporudi. Kikirudi vilevile huchosha. Kisa kirefu kipeleke kwenye utenzi, mradi idadi ya beti inaruhusiwa. Shairi huru nalo lina nidhamu yake: lisiwe insha iliyokatwakatwa.

Usihesabu mizani kwa macho. "Mtu" ni mizani mbili, "nchi" mbili, "mguu" tatu. Piga meza kwa kidole huku ukisoma kwa sauti. Utakapokwama, hapo pana kasoro.

Hatua ya 6: Tuma

Majaji wengi husoma bila kujua mtunzi ni nani. Ondoa jina lako kwenye shairi, na kwenye jina la faili pia, jambo ambalo watu husahau. Kagua kama muda wa mwisho unafuata saa za waandaaji au za kwako. Bakiza nakala. Kama umetuma kwingine pia, na masharti yameruhusu, shairi likichukuliwa huko waarifu waandaaji wa hapa siku hiyohiyo waliondoe.